Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Bibi Yuliana alilizunguka gari kama mtu akaguaye mbuzi wa mahari. Ukungu wa Uluguru ulikuwa umeshuka hadi kwenye migomba, na taa za gari zilififia ndani yake kama macho ya mgonjwa wa homa.

"Si landrova, si teksi," alisema. "Hili kabila gani, mume wangu?"

Victor alicheka. Tangu utotoni bibi yake alimwita mume, kwa utani wa bibi na mjukuu. "Ni la katikati, bibi. Ndani pana nafasi ya ukoo mzima, na tumbo limeinuka lisigonge mawe. Magurudumu yote manne yanavuta. Kwenye mteremko linajizuia lenyewe, na nyuma lina kamera."

"Linaona ya nyuma?"

"Yote."

Bibi aligeuka. Alitazama makaburi ya misheni, alikolala mumewe, Mzee Deogratias.

Jambo lenyewe lilikuwa moyo wa bibi. Daktari alikwisha kuonya: mvua zikikata barabara naye yuko peke yake huku juu, hakuna atakayemuwahi. Mama yake Victor alimtandikia kitanda nyumbani kwake Bigwa, chini ya mlima, kitanda kikabaki kitupu tangu Pasaka, maana bibi hakutaka kumwacha mzee kwenye baridi. Leo alikubali kushuka kwa sharti moja: akisema geuza, Victor ageuze. Victor, aliyetoka chuoni na imani kwamba kila hofu hutibiwa kwa maelezo mazuri, aliapa.

Mizigo yote aliiweka kwenye buti. Bibi akakaa mbele. Gari likateremka kwa upole, matairi yakinong'ona kwenye tope, mpaka kona ya makaburi. Hapo bibi akamshika mkono.

"Geuza."

"Bibi..."

"Uliapa. Siwezi kumwacha."

 Victor akaanza kurudi nyuma ili ageuze. Skrini ya kamera ilionyesha ukungu mtupu, lakini kengele ya tahadhari ikalia, ti, ti, ti, ikiharakisha kana kwamba kitu kilikuwa kinasogea. Victor akakanyaga breki. Kengele ikanyamaza. Kisha nyuma ya gari ikadidimia kidogo, kama inavyodidimia abiria anapopanda.

Taa nyekundu ikawaka mbele yake: picha ya kijitu chenye mkanda kifuani. Kiti cha nyuma kina mtu, hajafunga mkanda.

Aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu.

"Ni unyevu," Victor alisema. "Sensa za kiti zikipata unyevu..."

Bibi alikuwa anacheka, kicheko ambacho Victor hakuwa amekisikia tangu msiba. "Unyevu! Mwenzako huyo, ana wivu. Mimi umenikalisha mbele, yeye ulitaka abaki? Kamfunge mkanda. Hajazoea magari, kabichi zake alizishusha mjini kwa miguu."

Victor alishuka, akafungua mlango wa nyuma. Kiti kilikuwa kimebonyea, baridi kama jiwe la mtoni, na kulinuka moshi wa kuni na udongo mbichi. Alivuta mkanda taratibu. Ulitoka mrefu kuliko kiti kitupu kilivyohitaji. Akaubana, na taa ikazimika.

"Twende sasa," bibi alisema, akafumba macho.

Victor hakutaja tena sifa za gari. Aliendesha kama mtu aliyebeba maziwa kwenye chombo kisicho na kifuniko, na katika kila kona mikono yake ilihisi uzito wa watu watatu.

Walipofika Bigwa mvua ilikuwa imeanza. Mama yake, Catherine, alimpokea bibi kwa vigelegele, akamkokota ndani kwenye joto. Victor alizima injini. Alikwenda nyuma, akafungua mlango, akafungua mkanda.

"Shikamoo, babu. Tumefika."

Mzee alikuwa mrefu. Hata nyumbani kwake aliinama kupita mlangoni. Victor aliweka kiganja chini ya ukingo wa juu wa mlango, asijigonge.

"Victor!" mama yake aliita kutoka barazani. "Unamngoja nani? Mvua inaingia garini!"

Hakuondoa mkono. Maji yalimchuruzika mpaka kwenye kiwiko, naye akaendelea kungoja gari linyanyuke.