Refa Anyamazisha Injini

Refa aliacha kuchezesha mpira siku magoti yalipogoma, lakini hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba nyumbani nako mechi ilikuwa imekwisha. Aliendelea kuamua. Aliamua nani akae kiti kipi sebuleni, dirisha lipi lifunguliwe na kwa upana gani, na kama iliyonyesha jana ilikuwa mvua au manyunyu. Akishaamua, ameamua. Ungesimama mbele yake umelowa chapachapa, angekwambia nenda kabadili nguo, uache ubishi.

Kitu alichokichukia kuliko vyote ni kelele. Uwanjani alizomewa na umati mzima akavumilia, maana pale alikuwa na filimbi ya kuwajibu. Nyumbani, kijiko kikigonga sufuria tu, alikohoa, na kila mtu alijua kikohozi kile kina maana gani. Mkewe alikuwa amejifunza kufunga milango kwa ncha za vidole. Balaa lilikuwa kwa binti yao, kwa sababu yeye alikuwa fundi cherehani, na cherehani haijui kunong'ona.

Binti alishonea barazani. Refa akilala mchana, cherehani ilale. Refa akisikiliza taarifa ya habari, cherehani isubiri. Refa akiwa anafikiri, na hakuna aliyejua anaanza kufikiri saa ngapi na anamaliza saa ngapi, cherehani isithubutu. Magauni ya watu yakachelewa, wateja wakanuna, na binti akawa anawaambia mashine imeharibika, maana aliona haya kusema mwenye hitilafu ni baba yake.

Kwa hiyo aliposikia kuna chumba kinapangishwa barabarani, upande wa pili wa kilima, moyo ulimruka. Alikwenda kukiona. Kilikuwa na mlango mpana, umeme, na ukuta wa kutundikia nguo zilizokamilika. Mwenye nyumba, mama mmoja asiye na maneno mengi, alimwambia wazi kwamba muuza simu naye anakitaka.

"Mimi sitaki kuambiwa nakuja, nakuja," alisema. "Kesho kutwa kabla ya adhuhuri nione vitu ndani. Atakayetangulia ndiye mwenye chumba."

Binti alitaka kukodi gari. Refa akaja juu. Mzigo wa mwanawe ubebwe na gari la mtu baki, na yeye ana pikapu ya dizeli uani, nzima, yenye matairi manne na jina zuri mtaani? Haiwezekani. Ataubeba yeye. Ameamua.

Siku moja kabla ya safari, alasiri, aliiwasha pikapu, akasimama kando yake na kuinamisha kichwa, kama daktari anayesikiliza kifua cha mgonjwa tajiri.

"Mnasikia?" akauliza. "Ta-ta-ta-ta. Tapeti hizo. Nafasi za valvu zimeachia. Leo nazirekebisha hapahapa."

"Si inatembea vizuri, Baba?" binti akasema.

"Inatembea huku inapiga domo."

Injini ikazimwa, ikaachwa ipoe. Kazi yenyewe, tumpe haki yake, aliianza vizuri. Alifungua kifuniko cha juu, roka, vile vyuma vinavyosukuma valvu, zikaonekana zimejipanga, zinang'aa mafuta. Kwa vile magoti hayakumruhusu kuinama, binti ndiye aliyetiwa spana mkononi azungushe puli ya mbele, pole pole, mpaka pistoni ya kwanza ifike juu na valvu zake zote mbili, ya kuvuta pumzi na ya kuitoa, zifunge. Refa akatoa vipimo vyake, vile vibapa vyembamba vya chuma vinavyokaa pamoja kama visu vya mfukoni, akachagua kimoja na kukipenyeza kati ya roka na valvu. Alilegeza nati, akagusa skrubu kwa bisibisi, akakivuta kibapa. Kikapita kwa kusitasita.

"Jaribu na wewe," alimwambia binti, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi sauti yake ilikuwa ya baba tu.

Binti alikivuta. Alisikia kile kizuizi kidogo, kama kitambaa kizito kinapopita chini ya mguu wa cherehani, akatabasamu. Walikwenda hivyo silinda hadi silinda, yeye akizungusha, baba akipima, na alijikuta akifikiri kwamba akishahamishia kazi kule, labda atawakumbuka watu wa nyumba hii. Fikra hiyo haikuishi hadi magharibi.

Kifuniko kilirudishwa, injini ikawashwa. Ilishika mara moja, ikatulia. Chini kabisa, kwa mtu mwenye sikio, ilisikika ta-ta-ta nyepesi, ya injini isiyo na shida na mtu. Binti akaenda kuanza kufunga mabunda ya vitambaa.

"Rudi," Refa alisema. "Bado inaongea."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na beseni la nguo. "Mzee, si ndivyo inavyotakiwa? Hapo kwenye boneti kuna kibandiko, kimeandikwa nafasi ya kuacha ni kiasi gani."

"Kibandiko kiliandikwa na watu wasioishi na gari hili."

"Lakini nafasi..."

"Nafasi, nafasi! Nafasi ndiyo inayoleta kelele. Chuma kikikaa karibu na chuma mwenzake, kimeshikana naye sawasawa, kitagombana na nani?"

Binti alimwelewa baba yake kuliko alivyotaka kumwelewa. Hata hivyo akajikaza. "Hata kiuno cha sketi huwa naacha nafasi, Baba. Mtu anakula, anakaa, anapumua. Ukimpimia amesimama tu, akikaa inapasuka."

"Hii si sketi," alisema Refa, na hapo, lazima tukubali, alikuwa amesema kweli.

Alifungua kifuniko tena, binti akarudishwa kwenye puli. Safari hii vipimo alivirudisha mfukoni, akafanya kazi kwa hasira na kwa sikio. Kila skrubu aliikaza mpaka roka ikae juu ya valvu bila hata nafasi ya kupitisha unywele. Mkewe alitazama, akafungua kinywa, akasikia kikohozi, akaingia ndani na beseni lake.

Injini ikawashwa, ikiwa imeshapoa tena. Kimya! Iliunguruma kwa chini, laini, bila ta wala ta. Refa aliwaita majirani kwa macho, maana kuita kwa sauti si tabia yake, na kinyozi wa mtaa akafika wa kwanza. Kinyozi huyu alikuwa hampingi mtu yeyote mwenye nywele.

"Refa, umeilaza!" alisema. "Imelala usingizi wa kitoto kabisa!"

Refa alivimba kichwa mpaka kofia ikambana.

Asubuhi walipakia: cherehani mbili, meza ya kukatia, mabunda, pasi na kiti cha kushonea. Mama naye akapanda, akasema anakwenda kupanga vitu tu. Barabara ya tambarare waliimaliza kwa raha. Refa aliendesha kwa vidole viwili, na kila walipompita mtu alipunguza mwendo ili yule naye apate kusikia jinsi gari lisivyosikika. Binti alitazama jua. Muda ulikuwapo, wa kutosha na kubaki.

Kilima kilipoanza, pikapu ilianza kupumua vibaya. Refa alikanyaga mafuta, gari likajibu kwa moshi mweupe. Akapunguza gia. Gari likatetemeka, likajivuta hatua chache, likafa katikati ya mpando. Alipojaribu kuliwasha, stata ilizunguka wepesi wepesi, bila kukutana na upinzani wowote ndani, na injini haikushika.

"Limechoka kilima," alisema Refa.

"Kilima hiki hiki lilikuwa linapanda na mifuko ya saruji," alisema binti. Alikuwa ameshashuka, ameshafungua boneti. "Baba, ni valvu. Ulizibana. Zimepata moto, zimetanuka, sasa hazifungi. Pumzi yote inatoka."

Refa hakubisha, na hilo ndilo lililomchoma binti rohoni. Aliangalia injini, akaangalia barabara, akasema polepole, "Likipoa litawaka."

"Litapoa saa ngapi?"

"Litakapopoa."

Alijua. Binti alisimama pale na boneti juu ya kichwa chake, akaelewa kwamba baba yake alijua tangu gari lilipoanza kutetemeka, na pengine tangu jana jioni.

"Haya, tuzilegeze," alisema. Alijitahidi sauti isipande. "Spana zipo nyuma ya kiti. Vipimo unavyo mfukoni. Mimi nazungusha puli, wewe unapima, kama jana. Saa hizi hatujachelewa, Baba. Tafadhali."

Refa aliangalia kandokando ya barabara. Wapita njia watatu wanne walikuwa wamesimama, kama watu wanavyosimama penye gari bovu, kutazama tu. Mmoja wao alikuwa ameshamtambua, anamnong'oneza mwenzake.

"Nilishaamua kazi ile jana," alisema Refa. "Siwezi kuifungua injini yangu barabarani, mbele ya watu, waende wakaseme Refa alikosea."

Binti akaenda nyuma ya kiti, akachukua spana mwenyewe. Alipogeuka, baba yake alikuwa ameteremsha boneti na kuiegemea kwa mgongo, mikono kifuani.

"Nipishe, Baba."

"Tunasubiri ipoe."

"Chumba hakisubiri!"

"Usinipandishie sauti."

Hapo spana ilimtoka binti mkononi, ikaanguka barabarani, na hakuinama kuiokota. Alilia, kwa uchungu na kwa hasira, mbele ya wale watu waliosimama, na hakuwajali. "Nilikuwa najiambia unachukia kelele," alisema. "Kumbe ni mimi. Mimi si kelele, Baba. Mimi ni mwanao."

Refa alibaki ameegemea boneti yake, na ingawa ilimuunguza mgongo, hakujitikisa.

Lori la mchanga lilikuwa linapanda, tupu, likirudi machimboni. Binti alisimama katikati ya barabara na kuinua mikono yote miwili. Dereva akafunga breki huku akilaani, akamwona yule mwanamke mwenye machozi, akaona cherehani nyuma ya pikapu, akaacha kulaani.

"Wapi, dada?"

"Juu hapo, ukishuka kilima upande wa pili. Nakuomba, kaka yangu."

"Pakia upesi, basi."

Walipakia yeye, dereva na wale watazamaji, ambao walifurahi kupata kitu cha kufanya. Cherehani zikapanda, meza ikapanda, mabunda yakarushwa juu ya mchanga uliosalia. Refa alitazama vyote vikihama gari bila kuamua lolote. Kisha akamwona mkewe akikusanya mkoba wake, akishuka kwenye pikapu, na kuweka mguu kwenye ngazi ya lori.

"Nawe unakwenda wapi?"

"Kwa mwanangu."

"Nani kakuruhusu?"

Mama alishika ubavu wa lori, akajivuta juu, akakaa kwenye kiti cha kushonea katikati ya mzigo. Alimtazama mumewe kutoka kule juu kwa muda, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka aliweka wapi kitu.

"Ukipoa, utatufuata," alisema.

Refa alikohoa. Kikohozi kile hakikusikika, maana dereva alikuwa ameshatia gia. Ndipo uso wake ukabadilika, akapiga hatua mbili kulifuata lori, na yote aliyotakiwa kusema kwa miaka yote yakamjaa kinywani. Likatoka moja.

"Na chakula changu cha mchana?"

Mama alicheka. Alicheka kinywa wazi, kichwa nyuma, mpaka akalazimika kushikilia mguu wa meza asianguke, na binti, ambaye alikuwa kando yake juu ya mabunda, bado anafuta machozi, akamtazama kwa mshangao, kisha naye akashindwa kujizuia. Lori lilinguruma, kila chuma chake kikagongana na mwenzake, nao wakawa wanapiga kelele ili wasikizane, njia nzima, juu mpaka kileleni na chini upande wa pili.

Walipofika, muuza simu alikuwa anavuka barabara na boksi lake la kwanza mikononi, amebakiza hatua chache tu. Lori halijasimama vizuri, Mama alikuwa ameshateremka na kiti cha kushonea kichwani, akikata mbele ya yule kijana, na sauti yake ikafika mpaka ndani kwa mwenye nyumba.

"Pisheni njia! Mwenye chumba amefika!"