Nyati Mwenye Alama Sikioni

Natangaza rasmi kwamba mimi, mpiga picha mkuu wa shule, nimemnasa nyati dume wa Mikumi kwa lenzi ndefu, nikihatarisha maisha. Mikumi kwenyewe, kwenye ziara ya shule hifadhini, nililala basini safari nzima.

Tatizo ni kwamba mwalimu Raheli alisema asiyerudi na picha ya mnyamapori ananyang'anywa kamera ya shule. Nikamwonyesha nyati wangu.

"Hongera, mwanangu!"

Koileken, jirani yangu wa bwenini, akainamia kamera, akabonyeza kitufe cha kukuza picha mpaka sikio likajaa kioo.

"Mwalimu, sikio hili limekatwa alama ya boma letu. Na dume huyu mama humkamua kila asubuhi."

"Nakiri, mwalimu," nikasema, nikivua mkanda wa kamera shingoni. "Nilimpiga picha kwao Koileken, Tindiga, wakati wa likizo, nikisubiri chai ya maziwa yake."