Futa Hizo Mbili

Fundi wa kompyuta na mkewe walikuwa wamenuniana tangu asubuhi, na kununiana ndani ya duka la vyumba viwili ni kazi kwelikweli. Fundi alikaa mbele na wateja, mkewe chumba cha nyuma, kwenye kompyuta kubwa ya kuhifadhia kazi zote. Chanzo ni kadi ya mtandao, kifaa cha kupokelea data kutoka kompyuta nyingine. Mke alisema ile kadi kuukuu aliyoipachika mumewe kwenye kompyuta kubwa inachemka, haifai. Mume akamjibu mbele ya mteja kwamba ufundi amwachie mwenyewe.

Sasa kwenye benchi walikaa mwalimu mstaafu na mumewe, mzee aliyenyang'anywa kauli na kiharusi. Kompyuta yao ilikuwa na sauti ya mzee akiwasimulia wajukuu hadithi, na sauti hiyo haikuwapo kwingine kokote. Diski yake ilikuwa mahututi, inakwaruza.

"Tunainakili yote kama ilivyo," fundi alisema. "Ondoa shaka, mama."

Akaituma nakala nyuma kupitia mtandao wa duka. Akaihakiki palepale alipokaa, kama alivyozoea, na kompyuta yake ikamwambia iko sawa. Baadaye kuifungua, mbovu. Akatuma tena. Mbovu.

"Futa hizo mbili, zinajaza nafasi," akapaza sauti. Nyuma kimya.

Mara ya tatu, nakala ilipokamilika tu, diski ikalia kidogo, ikanyamaza moja kwa moja. Nakala nayo ilikuwa mbovu vilevile.

Mwalimu alikuwa akimtazama fundi, mzee akimtazama mwalimu. Fundi akapiga moyo konde, akaingia nyuma.

"Mama watoto, kwako huku zinafikaje?"

"Leo umeniuliza." Hakugeuka. "Zinafika zimeharibika. Kompyuta yako inasoma inachokumbuka kutuma, haiangalii kilichofika. Na hiyo kadi yako unaweza kukaangia yai."

"Ulisema, nikajifanya mjuaji. Nisamehe. Lakini diski imekufa, na zile mbili nimekwambia ufute."

"Si nilikuwa nimekununia," mkewe akasema. "Sikufuta kitu."

Fundi akavuta kiti. Nakala tatu, zote zina kasoro, ila kila moja imeharibika mahali pake. Walizilinganisha kipande kwa kipande, na palipotofautiana waliamini mbili zilizokubaliana, hadi wakapata nakala moja nzima. Mabega yao yaligusana, wala hakuna aliyesogea.

Kisha mbele ya duka sauti nzito ikasikika: "Kabla sijaanza, nani kakalia miwani yangu?" Watoto wakacheka ndani ya spika.

Mwalimu akajifunika uso kwa mikono. Fundi alitaka kumuuliza kama ndiyo yenyewe, akasita, akachuchumaa mbele ya mzee.

"Mzee, ndiyo yenyewe?"

Machozi yalikuwa yakimtiririka mzee, na bado alikuwa akicheka. Aliinua mkono wake mzima, akazungusha kidole hewani. Irudie.