Koko Alisema "Mulume"

Siku ya kuletewa mahari, Odette alitoka kwao Kamembe na ndoo kichwani kama anayekwenda bombani, akaiacha ndoo kwenye ua wa jirani, akashika njia ya mpakani. Hakuaga. Angemuaga nani? Mama yake, Mukabalisa, alikuwa jikoni akiwaamrisha wanawake wa kumenya ndizi, uso umemchanua kama mzazi aliyetua mzigo. Bibi harusi mwenyewe alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu jana, na hakuna aliyejisumbua kuuliza.

Jana ndipo ilipofika habari kutoka Mururu: Munyaneza hali tena. Hata uji anaukataa.

Ngoja niyaseme yalivyokuwa, maana watu wa Kamembe wameyasimulia mpaka yameharibika. Ukoo wa marehemu baba yake Odette ni wa Bashi, watu wa ng'ambo, Bukavu, na una kipaji kinachokaa kwa wanawake. Msichana akikua, mwanamke mkubwa wa ukoo anamlaza kichwa mapajani, anafumba macho, na jina la atakayemwoa linamkwama kooni kama mwiba wa samaki sambaza mpaka alitoe. Shangazi wote wa Odette waliolewa na majina waliyotajiwa, na hakuna aliyejuta. Ila kipaji hicho kina ukali wake. Mapenzi yakienda kinyume cha jina, mtu ananyauka. Hana homa, hana kikohozi. Ananyauka tu, daktari anampa vitamini na kumrudisha nyumbani.

Zamu ya Odette ilipofika, mwaka uliopita, bibi yake, Koko Nzigire, alivuka daraja kuja kumtajia. Sasa Mukabalisa ni mwolewa tu pale, mtu wa Giheke. Mashi, lugha ya Bashi, aliyoijua ni salamu, na salamu yenyewe aliivunja miguu. Badala ya kutulia alimsimamia yule mzee kichwani akimhimiza: "Nani, Maman? Sema basi! Nani ataoa huyu mutoto? Nani?"

Koko akafumbua jicho moja. "Mulume!" akasema. Akakohoa, akadai chai, kesho yake akarudi kwake Bukavu na uso wa mtu aliyeudhiwa.

Yallah! Mukabalisa alipiga vigelegele mpaka majirani Waislamu wakatoka kuuliza nani kajifungua. Mulume si alikuwepo? Mtoto wa Papa Ntabaza, mwenye duka la vitenge, kijana mpole, hanywi, hapigani. Wazazi wangapi wanatajiwa bahati kama hiyo?

Tatizo lilikuwa moja. Odette alishapenda. Alimpenda Munyaneza, fundi wa redio wa pale sokoni, kijana mrefu mwenye vidole vilivyoungua risasi ya kulehemu, ambaye akimwona anapita na mandazi yake ya kuuza alifungulia redio ya mteja kwa sauti yote na kujifanya anaijaribu. Alimpenda vibaya. Kwa hiyo baada ya jina kutajwa alikataa kumwacha, wakaendelea kukutana nyuma ya soko, wakicheka, yeye Munyaneza akiwa mzima wa afya na akila mandazi kama hana kwao.

Mukabalisa hakumpiga. Alimwambia neno moja tu: "Utamuua. Unajua ukoo wenu ulivyo."

Neno hilo lilimwingia Odette, likakaa. Akamwacha Munyaneza bila kumweleza, akabadilisha njia, akahamisha mandazi yake mpaka stendi ya magari. Na haukupita muda, habari zikaanza: Munyaneza amekonda. Munyaneza amefunga kibanda. Munyaneza anashikwa mkono kwenda chooni. Watu wakatikisa vichwa: si mnaona? Penzi la kinyume hilo, sumu imeshamwingia. Odette akaona amechelewa kumwacha, akazidi kumkimbia. Alipoambiwa kwamba akiolewa haraka huenda kijana akafunguka, alikubali mahari hata kabla hawajamaliza kusema. Angekubali kuolewa na jiwe.

Lakini habari ya kukataa uji ilimvunja Odette. Mahari ilikuwa inakuja, na Munyaneza anazidi kuzama! Ukoo wao una mwiko: jina likishatoka, halirudiwi kuulizwa. Mwiko nao una mwisho wake. Ndiyo maana asubuhi ile Odette alisimama kwenye daraja la Rusizi na kibali chake cha kuvukia mkononi, katikati ya wanawake wenye vikapu vya maparachichi.

Alimkuta Koko Nzigire kibarazani pake Nguba, juu kidogo ya mpaka, anachambua maharagwe. Akaanguka magotini bila hata kusalimu.

"Koko, nakuomba. Badilisha jina. Nitajie mwingine, ama niambie nisiolewe kabisa, nitakaa hivihivi mpaka nife. Ila umwache Munyaneza."

"Jina gani?" Koko akauliza.

"Mulume."

"Mulume yupi?"

"Wa Papa Ntabaza. Si ulinitajia wewe? Leo wanaleta mahari."

Mzee akaupiga ungo teke, maharagwe yakamwagika uani.

"Yesu Maria! Mama yako ni mupumbavu namna gani? Nilikuwa ninasikiliza, jina liko njiani, yeye ananipigia kelele kwenye masikio: nani ataoa mutoto, nani ataoa mutoto. Nikamwambia mulume! Mwanaume! Ataolewa na mwanaume, alitaka nimwambie mbuzi? Jina likarudi chini, nikaenda zangu. Nikasema watakuja kuniuliza vizuri. Hakuna aliyekuja!"

"Ni mwiko kuuliza tena, Koko."

"Mwiko ni kuuliza jina lililotoka. Lenu lilitoka wapi?"

Odette akamsogelea kwa magoti. "Basi niambie sasa. Nilaze kichwa, ulitafute."

"Nilitafute la nini?" Sauti ya mzee ikashuka, hasira ikamtoka, akabaki na huruma ambayo ilimtisha Odette kuliko ile hasira. "Huyu fundi wako. Alianza kunyauka lini? Mukiwa pamoja, ama ulipomwacha?"

Odette alikuwa anajua jibu.

"Anayenyauka ni mwenye jina, mwanangu. Mwenye jina aliyeachwa. Huyo mwingine hanyauki hata kidogo, anaenda zake kuoa kwingine na kunenepa." Koko akamshika kidevu. "Simama. Kimbia. Mimi sijui kama bado kuna muda, usiniulize."

Alikimbia. Ndala moja ilikatika kwenye mteremko wa mpakani, akaitupa na ya pili. Darajani alipishana na watu wa Papa Ntabaza waliokuja kuwapokea shangazi zao wa Bukavu, wamependeza, na Mulume katikati yao ndani ya suti iliyombana mabega. Mulume alimwona: peku, kitambaa kimeanguka shingoni, machozi na kamasi. Wakatazamana. Kijana yule, Mungu amlipe, akageuka akaanza kumwuliza baba yake habari za ng'ombe, akimzuia kwa mwili wake asione.

Njia ya Mururu ni mlima, na Odette aliupanda akijilaani. Kila siku aliyojisifu kwamba anamwokoa, alikuwa anamnyonga. Alipobadilisha njia, alikuwa anamnyonga. Alipokubali mahari, alikuwa anakaza kamba. Na alifanya yote hayo kwa kumpenda! Nani awezaye kubeba kitu kama hicho?

Mlangoni alikuwepo Nyiransabimana, mama wa Munyaneza, mjane, jembe mkononi. Hakuwa anatoka shambani. Alilishika vingine.

"Rudi," akasema. "Leo unatolewa mahari, na mwanangu leo anafunguliwa. Rudi kwenu."

"Maman, niache niingie. Tulikosea, jina halikuwa..."

"Sitaki majina yenu! Ukoo wenu umenila vya kutosha. Ukipiga hatua moja nitakukata, na Mungu atanielewa."

Odette alitaka kumweleza habari ya Koko, ya Mashi, ya neno moja lenye maana mbili, akaona hakuna hata moja litakaloingia katika masikio yale. Mama huyu alikuwa anafanya kile kile alichokuwa amekifanya yeye mwenyewe muda wote huu: anamlinda. Akapiga magoti palepale kwenye vumbi.

"Maman, nikuulize kitu kimoja, halafu unikate. Nilipokuwa naye, aliugua hata siku moja?"

Nyiransabimana akalikaza jembe mkononi.

"Na tangu nimemwacha nimekaa mbali. Hata soko niliacha kupita. Mulinitaka mbali, nikawa mbali. Amepona?"

Kuku walikuwa wanaparura ukutani. Yule mama alimtazama, kisha akaangalia pembeni, midomo ikimcheza kama mtu anayepiga hesabu asiyoitaka. Jembe likamshuka polepole mpaka likagusa chini.

"Mimi ndiye niliyekuwa nikikufukuza," akasema. "Ulipotuma mutu aulize hali yake, mimi ndiye nilimfukuza. Mwanangu alilia kama mutoto."

Akasogea mlangoni.

Ndani palikuwa na giza na harufu ya majani ya dawa. Munyaneza alilala amegeukia ukuta, mifupa tupu chini ya blanketi, vidole vile vya fundi vimebaki vijiti. Odette akakaa ukingoni mwa kitanda, hakuthubutu kumgusa.

"Munyaneza."

Alifumbua macho. Yalijaa hofu, maana na yeye alikuwa ameambiwa nini kinamuua. Akajaribu kujivuta nyuma, nguvu hana.

"Umekuja kunimaliza?"

"Nimekuja kukaa."

Munyaneza alikuwa bado anaamini, na Odette aliona wazi kwamba anaamini: kwamba mwanamke huyu ni kifo chake, amekaa hapo kitandani, peku. Halafu ule mkono uliobaki mifupa ukatoka chini ya blanketi, ukatafuta wa Odette, ukaushika.

"Basi kaa," akasema. "Nimechoka kuponywa."