Mwanamke Pekee wa Tanuri la Pili

Unaisi alijaza dodoso lake la hali ya kazini kwa ukweli mtupu, akalitumbukiza sandukuni, akageuka kurudi kwenye tanuri lake la biskuti. Hajafika mlangoni, akakumbuka ukurasa wa kwanza.

Jina halikuulizwa, sawa. Lakini waliuliza jinsia, umri na idara. Na katika kiwanda kile chote cha mjini Suva, mwanamke wa idara ya matanuri alikuwa yeye peke yake.

Na alivyoandika! Penye "Msimamizi wangu hunisikiliza" alitia alama kwenye "kamwe". Chini kabisa, palipoachwa wazi, akaeleza kwamba hanywi maji tangu alfajiri kwa sababu hakuna wa kumshikia tanuri akienda msalani, na kwamba hata kanisani anasikia king'ora cha mashine.

Saa ya chai alimweleza Timoci wa ufungashaji, mtoto wa mjomba wake, ambaye kwa mila yao ni mtani wake.

"Basi umekwisha," Timoci alicheka, mdomo umejaa muhogo. "Bwana Jitendra akiisoma hiyo 'kamwe' yako, atakuita kabla ya Ijumaa. Glavu zako nazirithi mimi."

"Wewe? Hata jiko la mkeo unaliogopa!"

"Mimi nimetia 'daima' kuanzia juu hadi chini. Hata sikusoma."

Unaisi alicheka, lakini aliiacha chai mezani. Akamfuata Shaleshni, msichana wa chuo kikuu aliyeleta madodoso, akamkuta analifunga sanduku kwa utepe.

"Binti yangu, nirudishie karatasi yangu. Nimekosea."

"Umekosea wapi, shangazi?"

"Sikukosea," akakiri. "Naogopa. Kule matanuri mwanamke ni mimi tu."

Shaleshni akaacha utepe. "Karatasi hizi naondoka nazo mimi, bosi wenu hatazigusa. Na kundi dogo silitaji peke yake kwenye ripoti. Matanuri mtahesabiwa pamoja na ufungashaji, wanaume kwa wanawake. Ila ukiitaka, nitakupa uichane, ni haki yako."

Unaisi akamsukumia utepe. "Iache," akasema.

Wiki tatu zikapita, hakuitwa. Kisha wote wakakusanywa bwaloni, Bwana Jitendra, msimamizi wao, akasoma majibu mwenyewe. Kati ya watu themanini na wanne, sabini na mmoja walisema hawawezi kuiacha mashine hata kwa haja ndogo.

"Sabini na mmoja," alirudia, akivua miwani. "Na mimi nilidhani mko kimya kwa kuwa mmeridhika."

Unaisi akahisi mabega yanashuka. Miezi yote ile alidhani ni uzee wake tu unaomshinda, kumbe si yeye peke yake.

"Wewe si ulitia 'daima'?" akamnong'oneza Timoci.

"Nilikudanganya," Timoci alisema, macho chini. "Ningekiri, ungenicheka mwaka mzima."

"Na nitakucheka!"

Jumatatu iliyofuata, mama mmoja wa ufungashaji, Vilive, alipangiwa kuzunguka akiwashikia wenzake mashine. Alipofika tanuri la pili, Unaisi alikuwa ameshaanza kukimbilia msalani.

"Polepole, dada," Vilive alimwita. "Nipo."