Mteremko wa Nyumbani

Mimi ni fundi cherehani, ni mwenyekiti wa klabu ya mpira ya daraja la tatu, na ni mke wa kocha wa klabu hiyohiyo. Wanaosema nimejirundikia vyeo waje wagombee, mlango uko wazi. Mwaka jana nilisimama mbele ya wanachama ukumbini kwetu, kwenye viti vya plastiki na feni moja inayozunguka inapojisikia, nikawaambia kwamba fedha tulizopata kwa kumuuza winga wetu ziende uwanjani. Usawazishwe, uchimbwe mifereji, upandwe nyasi upya.

Kwa kelele zilizopigwa pale, ungedhani nimependekeza timu ivunjwe.

Sababu ni hii. Uwanja wetu ulikuwa umeinama. Goli la upande wa geti lilikuwa juu, goli la upande wa ukuta wa kiwanda lilikuwa chini, na mpira ukiuweka katikati bila kuukanyaga uliondoka wenyewe kuelekea ukutani. Wageni walihangaika mno. Wakipiga pasi ya kushuka inawakimbia mpaka nje, wakipiga ya kupanda inawarudia miguuni. Vijana wetu wamekulia pale, wanajua ipigwe vipi. Misimu minne hatukufungwa nyumbani. Mume wangu akaanza kuitwa Profesa, na jina likamkolea mpaka akabadilisha mwendo.

Sasa tusafiri uone. Uwanja wa watu umelala sawa kama meza, mchezaji wetu anapiga pasi kisha anasubiri ardhi imsaidie. Pasi inaishia njiani. Tunapigwa tatu, tunapigwa nne, tunarudi kwenye basi kila mtu anaangalia dirisha lake. Kila msimu tunamaliza palepale katikati ya msimamo wa ligi, na mimi nilikuwa nimechoka kumaliza katikati.

Mwenye bucha, ambaye ndiye mweka hazina wetu, alisimama wa kwanza.

"Mwenyekiti, tununue mshambuliaji. Ule mteremko ndio mchezaji wetu wa kumi na mbili. Nani anamwacha mchezaji anayemshindia mechi?"

"Na mbona huyo mchezaji wako hasafiri na timu?" nikamuuliza.

Watu wakacheka, yeye akanuna. Anapima wachezaji kwa jicho kama anavyopima ng'ombe mnadani, na alikuwa keshampata mmoja mwenye mapaja ya kutosha.

Kisha wote wakamgeukia kocha. Neno lake lingemaliza ubishi. Mume wangu akasimama, akakohoa, akasema, "Nipeni muda nifikirie," akakaa. Nilitamani ardhi ipasuke. Kura ikaahirishwa mpaka Jumapili iliyofuata.

Nyumbani sikumsubiri avue viatu.

"Mtu mzima unanikalia kimya mbele za watu?"

"Ulitaka nikupinge?"

"Nilitaka useme. Kwenye chumvi ya mboga mbona unanipinga kila siku?"

Hakucheka. Alikaa kwenye kigoda changu kando ya cherehani, akaokota chaki ya kuchoria vitambaa, akawa anaizungusha vidoleni.

"Mama Pacha, wewe unaona udongo, mimi naona kazi yangu. Mimi nimeshinda pale tu. Nje sijawahi. Mkiusawazisha ule uwanja, watu watajua kwamba muda wote aliyekuwa anashinda ni mlima."

"Na wewe unajuaje kwamba si wewe?"

"Ndilo hilo. Sijui."

Hasira zote zikaniishia. Huyu mtu nimeishi naye tangu hatuna hata kitanda, na sikujua kama analala na wasiwasi huo. Nilimhurumia sana. Lakini msimamo wangu haukusogea hata kidogo. Kwangu huruma na msimamo vinakaa nyumba moja bila kugombana.

"Basi tujue," nikamwambia. "Utazeeka na swali hilo?"

"Na nikionekana si lolote?"

"Utakuwa mume wangu asiye lolote, chakula utakula. Lakini wale vijana hawawezi kusafiri na mlima."

Akarudisha chaki mahali pake, akaenda kuoga. Wiki nzima hakunigusia tena habari hiyo, na mimi, kwa mara ya kwanza katika ndoa hii, nilinyamaza.

Jumapili mwenye bucha akaomba kocha atoe maoni ya kitaalamu. Alishajua majibu, au alidhani anajua. Mume wangu akasimama.

"Sawazisheni," akasema. "Wachezaji wangu wanajua kucheza uwanja mmoja tu duniani, na hilo ni juu yangu. Nikishindwa kuwafundisha kwenye uwanja wa kawaida, niondoeni, wala msimwonee haya mwenyekiti."

Mikono ikapanda. Mwenye bucha akainua wake wa mwisho, nusunusu, kama mtu anayejikuna kwapa.

Kazi ilianza ligi iliposimama. Katapila likakata udongo wa upande wa geti na kuumwaga upande wa ukuta, na mtaa mzima ukala vumbi. Nilikuwa napita kila asubuhi na futi yangu ya ushonaji shingoni. Msimamizi akaniambia, "Mama, hii si suruali." Nikamjibu, "Suruali nikikosea naifumua. Wewe ukikosea utafumua nini?" Tangu siku hiyo akawa ananiamkia yeye kwanza.

Mechi ya kwanza kwenye uwanja mpya, mpaka mapumziko tumeshafungwa moja. Nyuma yangu jukwaani mtu akasema Profesa sasa astaafu. Nilishuka nikasimama kwenye mlango wa chumba cha wachezaji na katoni ya maji mikononi. Hotuba yake ya mapumziko ilikuwa inajulikana klabu nzima: "Haya, sasa tunashuka." Wachezaji wanacheka, wanatoka. Siku hiyo nilisikia viatu tu vikikwaruza saruji. Nilitaka kuingia nimwokoe, nikajizuia.

Kisha nikamsikia.

"Nambari sita, kaa karibu na mstari. Yule mrefu wao atakufuata, kila mara anafuata. Nyuma yake panabaki nini?"

"Panabaki wazi, kocha."

"Nani ataingia pale?"

"Mimi," sauti nyingine ikajibu.

"Unaingia lini?"

Akaendelea hivyo, anauliza, wanajibu, anawasahihisha, sauti ya chini, ya haraka, ambayo sikuwahi kuisikia nyumbani wala uwanjani. Mwamuzi wa akiba akaja kugonga kwamba muda umeisha, na nadhani aligonga mara mbili kabla hawajamsikia.

Kipindi cha pili kilikuwa hakijafika mbali nambari sita aliposogea mstarini. Yule mrefu akamfuata. Kijana wetu akaingia nyuma yake, pasi ikamfikia mguuni, bao. Mwenye bucha alinikumbatia mpaka katoni ikaanguka. Uwanja mzima ulikuwa umesimama, isipokuwa mume wangu. Yeye alikaa kwenye benchi, akafunika uso kwa mikono yote miwili, mabega yakawa yanatikisika.

"Kocha anaumwa?" mwenye bucha akaniuliza.

"Haumwi," nikamwambia, na mimi machozi yananitoka waziwazi. "Amejua kwamba ni yeye."