Mtoto Ndani ya Nailoni

Siku Makau alipofunguliwa bandeji ya jicho, alimtazama mkewe kwa muda mrefu, kisha akamsalimu kwa adabu zote: "Mama mkwe, umefika lini?"

Kasyoka hakutikisika. "Jana jioni," akasema. "Na nimemwonea binti yangu huruma."

Wakacheka mpaka muuguzi akawanyamazisha, ingawa kicheko cha wazee ni moto wa mabua. Kwa miaka mingi mtoto wa jicho alikuwa amemfungia Makau dunia, na Kasyoka ndiye aliyemtazamia kila kitu. Macho ya kuazima, tena yenye utundu: alimsifia shati lililotoboka mgongoni, akamlisha maharagwe akamwapia kuwa ni nyama iliyoiva kupita kiasi. Sasa mume alikuwa anaona mwenyewe, na walipofika nyumbani, nyuma ya maduka ya Dagoretti Corner, kitu cha kwanza alichokitaka hakikuwa chai.

"Mama Mutie," akasema, "niteremshie mtoto."

Kasyoka akashika ukingo wa meza. Tangu mazishi yale ya zamani, Makau alimwita Mama Kaindi, kwa jina la binti aliyefuata. Jina la Mutie, mtoto wao wa kwanza, lilizikwa pamoja na mwenyewe.

Mutie alipigwa picha mara moja tu maishani, Krismasi, katika studio ya mjini: tai ya kuazima, maua ya plastiki, soksi moja imeshuka. Homa ilipomchukua, mama yake Makau aliamuru picha iondolewe machoni ili moyo wa mzazi upoe. Kasyoka akaihifadhi kwa elimu yake yote, nayo ilikuwa moja: kilichofungwa nailoni hakizeeki. Hadi leo kochi lake lilivaa nailoni ya dukani. Rimoti ilivaa, saa ya ukutani ilivaa, Biblia ilivaa. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya nailoni, yeye alikuwa na akiba chini ya godoro, akiwaogopa polisi kama muuza bangi. Picha aliizungushia nailoni tabaka mbili, akaziba pindo kwa nta ya mshumaa, na kila walipohama aliipandisha darini, juu ya jiko, chini ya mabati. Huko, aliamini, hata mende angehitaji kibali.

Akapanda kiti, akaiteremsha. Nta ilikuwa imeyeyuka na kuganda misimu isiyohesabika, na nailoni imeng'ang'ania picha kama ngozi. Akavuta taratibu. Akavuta taratibu zaidi. Kisha magoti yakachoka, nayo magoti yaliyochoka hayana subira. Akavuta kwa nguvu. Uso ukatoka na nailoni, ukajikunja kama utando wa maziwa. Karatasini alibaki mtoto mwenye tai, mikono na soksi iliyoshuka.

"Umempata?" Makau akaita kutoka sebuleni.

"Ana vumbi. Nitampeleka mjini wamsafishe."

Uongo ulimtoka ukiwa umeshanawa mikono. Lakini safari hii haukumchekesha.

Studio ilikuwa bado iko mjini, ikiendeshwa na Vimla, mkaza mwana wa mzee aliyeipiga picha ile. Vimla aliigeuza karatasi chini ya taa.

"Mama, uliivuta?"

"Kidogo."

"Hii ndiyo kidogo?" Vimla akahema. "Picha haitaki kufungwa hivi. Unyevu umebaki ndani. Mchana bati linachemka, usiku linapoa, inatoa jasho, inagandana na nailoni. Ungeitia tu kwa bahasha ya karatasi, ndani ya kabati, mahali pakavu."

"Yaani ningemtupa droo moja na soksi za babake, angekuwa mzima."

"Angefifia. Lakini ungemwona."

"Na filamu yenyewe?"

Vimla akatazama kaunta. "Mvua iliingia stoo, mama. Za baba mkwe zote zilioza. Hata za harusi yangu."

Walikuwa wanawake wawili waliotunza wakapoteza. Kisha Vimla akasema kompyuta inaweza kumpa mtoto uso. Ampatie tu picha ya mjukuu yeyote. Kasyoka akatoa simu, na punde si punde shingo ile ikaota kichwa. Mvulana mzuri, mashavu ya mviringo, meno meupe.

"Mtoto mzuri," Kasyoka akasema. "Wa nani?"

"Wako, mama. Nimchape karatasini?"

Kasyoka akakaa kwenye kigoda. Makau asingejua, mtu aliyemwita mkewe mama mkwe angejua nini? Angemtundika mvulana huyu ukutani, amwamkie kila asubuhi, na yeye Kasyoka angesimama kando na kikombe cha chai, akijua. Uongo wa maharagwe huishia tumboni. Huu ungelala nao kitanda kimoja. Alijisikia mzee, mzee kuliko mama yake alivyowahi kuwa.

"Usimchape," akasema. "Nirudishie wangu alivyo."

Alimkuta Makau mlangoni, amevaa shati safi kama anayengoja mgeni. Akampa bahasha bila mzaha wowote. Makau akaitazama picha, akaigeuza nyuma, akairudisha mbele.

"Uso uko wapi?"

"Umebaki kwenye nailoni. Nilimfunga sana, Baba Mutie."

Kidole cha Makau kilipita juu ya tai, kikashuka hadi kwenye soksi.

"Alikuwa na pengo," akasema. "Hapa mbele."

"Pengo la wapi? Mtoto alikuwa na meno yote! Niliiona picha kabla hujaiona wewe."

"Picha ni ya Krismasi. Jino liling'oka baadaye, wiki ile kabla ya homa. Wewe ulikuwa sokoni. Tukaenda nje tulitupe juu ya paa, mimi na yeye, aombe jipya."

Miaka yote hiyo, na hili Kasyoka hakuwahi kuambiwa.

"Akalitupa?"

"Alilitupa. Likateleza juu ya mabati, krrr, likatuangukia miguuni."

"Mkafanyaje?"

Makau akasogea, akamwachia nafasi kizingitini.

"Tukalitafuta," akasema. "Akatupa tena."